Chiriku, Kanari na Yungiyungi: Namna Novela ya Immensee Ilivyogeuzwa Filamu

Mabibi na mabwana, walimu wetu, na nyinyi wapenzi wa sinema mliofika mapema mkawahi viti vya mbele, karibuni sana.

Filamu tutakayoiangalia baada ya maneno haya inaitwa Immensee. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza jijini Berlin tarehe 17 Desemba 1943. Mwongozaji ni Veit Harlan, kampuni ni Ufa, na Elisabeth anaigizwa na Kristina Söderbaum, mke wa mwongozaji mwenyewe. Inachukua kama dakika 95. Kitabu ilikotoka ni chembamba: novela ya Theodor Storm yenye sura 10 fupifupi, ambayo msomaji asiye na haraka huimaliza kwa saa moja na nusu. Muda wa kusoma na muda wa kutazama karibu unalingana, na hapo ndipo wengi hukosea. Hudhani kwamba kazi ilikuwa kufungua kitabu ukurasa wa kwanza na kukipiga picha aya kwa aya mpaka mwisho. Novela hii haikubali kufanyiwa hivyo. Imejengwa kwa yale yasiyosemwa, na aliyetaka kuitia kwenye sinema alilazimika kuamua, pengo kwa pengo, atajaza nini. Usiku huu tunataka mwone alivyojaza, na kila kijazo kiligharimu nini.

Kwanza jina. Immensee ni shamba kubwa kando ya ziwa. Imme ni neno la zamani la Kijerumani la nyuki, See ni ziwa. Sisi tungesema Ziwa la Nyuki. Storm alizaliwa tarehe 14 Septemba 1817 katika mji wa Husum, bandari ndogo kwenye pwani ya Bahari ya Kaskazini, wakati nchi ya Schleswig ilikuwa bado chini ya mfalme wa Denmark. Alisomea sheria na akala jasho la sheria, wakili kwanza, hakimu baadaye. Immensee aliichapisha mwaka 1849, akaiandika upya, akaitoa tena mwaka 1851, na hilo toleo la pili ndilo linalosomwa hadi leo.

Tofauti ya matoleo hayo mawili ni somo kamili kwa yeyote anayeandika. Katika la kwanza, Reinhard, yule kijana mpenzi, baadaye anapata kazi na kuoa mwanamke mwingine. Rafiki msomi wa Storm, Tycho Mommsen, aliisahihisha nakala ile kwa ukali, akimlaumu kwamba picha zimepangwa vizuri lakini sanaa yenyewe imekufa. Storm hakununa. Alikata. Ndoa ya Reinhard ikatolewa, maelezo mengi yakatolewa, na palipokatwa hapakuzibwa. Kwa hiyo mapengo mtakayosikia tukiyataja si uzembe wa mwandishi. Aliyachonga kwa makusudi.

Hadithi yenyewe inaelezeka kwa pumzi moja. Mzee anarudi nyumbani jioni ya vuli, anakaa kitini gizani, mbalamwezi inapanda ukutani mpaka inaangukia picha ndogo, naye anataja jina: Elisabeth. Papo hapo tunarudi utotoni. Msichana ana miaka mitano, mvulana ana miaka kumi, wanajijengea kibanda cha nyasi. Wanakua. Kijana anaenda chuo kikuu, anaahidi mengi, haandiki. Msichana anaolewa na Erich, rafiki yao, mrithi wa Immensee. Miaka inapita, Reinhard anaalikwa shambani kama mgeni, anamkuta Elisabeth mke wa mtu, anaondoka alfajiri asirudi tena. Mzee yuko kitini, mtumishi analeta taa. Basi. Hakuna anayejiua, hakuna anayetoroka na mke wa mtu, hakuna bastola.

Sasa naomba tusimame kwenye jambo dogo, ndege wawili, kwa sababu hapo ndipo ufundi wa Storm unapoonekana kwa karibu.

Kabla ya kwenda chuoni Reinhard alimpa Elisabeth ndege wa porini, jamii ya chiriku, mwenye rangi ya kahawia isiyovutia jicho. Usiku wa kuamkia Krismasi kijana yuko mjini, kwenye baa iliyo chini ya ardhi pamoja na wanafunzi wenzake, anamtazama msichana mpiga zita, ala ya nyuzi, mwenye macho mazuri. Anaambiwa kuna kifurushi chumbani kwake. Anakwenda, anakuta keki za kahawia za Krismasi, na barua. Elisabeth anaandika kwamba chiriku alikufa Jumapili iliyopita. Kwamba alilia sana. Kwamba alimtunza vizuri siku zote. Anakumbusha kuwa ndege yule alikuwa akiimba mchana jua lilipoangukia tundu lake, na mama alikuwa akimfunika kwa kitambaa ili anyamaze alipozidisha sauti. Kisha, bila hata kuvuta pumzi, anaongeza kwamba chumba sasa kimekuwa kimya zaidi, ila Erich huja kuwatembelea mara kwa mara. "Uliwahi kusema anafanana na koti lake la kahawia." Na Erich anamchora kwa chaki nyeusi, amekwisha kukaa mbele yake mara tatu.

Pasaka Reinhard anarudi likizo. Dirishani kuna tundu lililopakwa rangi ya dhahabu, na ndani yake kanari wa manjano anayepigapiga mbawa. Ni zawadi ya Erich, ambaye siku hizi amekabidhiwa shamba na baba yake.

Storm haongezi neno. Hamwambii msomaji kwamba mapenzi yamebadilika, wala kwamba mama anamtaka mkwe mwenye shamba. Kuna chiriku aliyekufa na kanari aliye hai. Kuna tundu la kawaida na tundu la dhahabu. Kuna mama mwenye kitambaa cha kunyamazisha. Sisi tuliozoea taarab tunaelewa upesi, maana tunajua ua likitajwa katika wimbo anayetajwa ni nani. Tofauti ni kwamba mtunzi wa taarab hukonyeza, na Storm hakonyezi. Ukipita haraka, umepitwa.

Sura inayofuata ya barua ina ukurasa mmoja au zaidi kidogo. Miaka miwili imepita. Reinhard alipoondoka alisema ana siri nzuri, na kwamba akirudi baada ya miaka miwili Elisabeth ataijua. Sasa mama yake Reinhard anamwandikia: Erich jana hatimaye amepata jibu la ndiyo, baada ya kukataliwa mara mbili ndani ya miezi mitatu. Ndoa itafungwa karibuni. Mwisho wa sura. Kwa nini Reinhard hakuandika muda wote ule? Kitabu hakijibu. Kwa nini Elisabeth aliyekataa mara mbili alikubali mara ya tatu? Jibu linakuja miaka baadaye, tena kwa mzunguko, Reinhard anapowasomea wenyeji wake nyimbo za kienyeji alizokusanya, na mkononi mwake ukatokea wimbo huu:

Mama yangu ndiye aliyetaka
nimchukue yule mwingine;
nilichokuwa nacho kwanza
moyo wangu ukisahau;
moyo haukutaka.

Angalieni kitenzi. Kijerumani kinatumia neno lilelile kwa mama na kwa moyo, na Kiswahili kwa bahati njema kinaweza kufanya vilevile: mama alitaka, moyo haukutaka. Mfasiri akiweka "mama aliamuru" na "moyo ulikataa" atakuwa ameharibu fundo lote. Elisabeth anasikiliza mpaka mwisho, anasukuma kiti nyuma polepole, anatoka nje kwenda bustanini bila kusema kitu. Mama yake anamtazama akienda. Erich anataka kumfuata. Mama anasema Elisabeth ana shughuli nje.

Hapo mwongozaji wa filamu anakuna kichwa. Mwigizaji amesukuma kiti, ametoka. Watazamaji elfu wako ukumbini, wengine hawajasoma kitabu. Wataelewa?

Harlan na mwenzake Alfred Braun walioandika mswada walichagua njia iliyo salama: kuyatoa nje yaliyofichwa. Hatua ya kwanza ilikuwa kazi ya Reinhard, ambaye katika filamu jina lake linaandikwa Reinhart na anaigizwa na Carl Raddatz. Katika novela ni mtu wa vitabu, mkusanyaji wa nyimbo, na uzeeni anarudi kwenye kusoma kwake. Mtu anayesoma hapigiki picha. Dakika moja ya mtu aliyeinamia kitabu tayari ni ndefu. Wakamfanya mwanamuziki, mtunzi na kiongozi wa okestra. Sababu ni ya kiufundi kabisa. Kiongozi wa okestra ana mikono inayotembea, ana mavazi, ana ukumbi, ana watu wanaompigia makofi, na zaidi ya yote muziki wake unaweza kusema kile ambacho mdomo wake hausemi. Muziki wa filamu uliandikwa na Wolfgang Zeller, fundi wa siku nyingi aliyewahi kuandika muziki wa filamu ya vivuli ya Prinz Achmed mwaka 1926. Mabadiliko haya tunayakubali. Ni ya busara.

Hatua ya pili ni lile pengo la miaka miwili. Kitabu kimeliacha tupu. Filamu inalijaza kwa safari, kwa Roma, kwa mwimbaji wa Kiitalia anayeigizwa na Germana Paolieri. Sasa tunajua kwa nini kijana haandiki: ana sanaa yake, na ana wanawake. Kila kitu kimeeleweka, na hapohapo Reinhard amepungua. Wa kwenye kitabu hakuandika kwa sababu ambayo pengine hata yeye haijui, na hiyo ndiyo inayomuuma mpaka uzeeni. Wa kwenye filamu ana sababu ya kawaida, ile tunayoijua kwa vijana wote waliokwenda mjini wakasahau kijijini.

Hatua ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo tunayoomba muikazie macho. Ni Erich. Katika novela ni mwema, mchangamfu, na haoni kitu. Ndiye anayemwalika Reinhard kwa siri ili amfurahishe mkewe. Anafurahia mshangao wao kama mtoto. Paul Klinger katika filamu anamfanya mtu mwingine: anaona, anaelewa, anateseka kimya, na hatimaye anamwambia mkewe kwamba yuko tayari kumwachia aende zake. Kwa kitendo hicho ndipo Elisabeth anapotambua ni nani hasa aliyempenda, na anabaki. Miaka mingi baadaye, Erich akiwa amekufa na Reinhart akiwa mtu maarufu, mlango umefunguliwa wazi, na bado mjane anachagua kubaki mwaminifu kwa marehemu.

Kwa hiyo hadithi ya binti aliyeozwa kwa matakwa ya mama imekuwa hadithi ya mke aliyechagua. Mama amepunguziwa lawama, mume ameinuliwa, na mpenzi wa zamani ameshushwa daraja. Kama igizo, linasimama. Klinger na Söderbaum wanacheza vizuri, na sisi hatuoni aibu kusema kwamba sehemu ya Erich inagusa. Lakini tarehe isitutoke akilini. Mwezi Februari 1943 jeshi la Ujerumani lilisalimu amri Stalingrad. Kuanzia Novemba mwaka huohuo Berlin ilikuwa ikipigwa mabomu usiku baada ya usiku. Mamilioni ya waume walikuwa mbali, wengine hawatarudi. Wizara ya propaganda ya Goebbels, waziri wa Hitler, ilisimamia kila filamu iliyotoka. Filamu inayomwonyesha mke anayebaki na mume wake, na anayebaki naye hata baada ya kifo, ilikuwa na kazi ya kufanya katika nchi ile, na iliifanya bila bendera hata moja wala sare hata moja mbele ya macho. Msiitafute propaganda kwenye maneno makali. Imo kwenye uamuzi wa Elisabeth.

Tuingie kwenye rangi, maana kwa macho ndiyo utajiri mkubwa wa filamu hii.

Filamu ndefu ya kwanza ya rangi ya Kijerumani ilitoka mwaka 1941. Immensee ni miongoni mwa chache zilizotengenezwa kwa Agfacolor, ukanda wa rangi wa Kijerumani, wakati wa vita, na Harlan aliipiga sambamba na nyingine, Opfergang, akitumia mpiga kamera yuleyule, Bruno Mondi, na waigizaji wakuu walewale wawili. Opfergang nayo inatoka kwenye novela, ya Rudolf G. Binding. Akina sisi tunaowajua Wajerumani kwa sinema za mapenzi za miaka ya 1950, Mondi huyuhuyu ndiye aliyepiga zile filamu za Sissi. Mkiona majani na gauni jeupe leo, mtajua jicho lile lilifundishwa wapi.

Agfacolor ilibuniwa katika kiwanda cha Wolfen na ikatangazwa mwaka 1936. Wamarekani walikuwa na Technicolor, iliyohitaji kamera kubwa maalumu yenye mche wa kioo wa kugawanya mwanga uende kwenye kanda tatu kwa pamoja. Wajerumani waliweka tabaka tatu kwenye ukanda mmoja, ukaweza kuingia katika kamera ya kawaida. Tabaka la juu hushika mwanga wa buluu na kutoa rangi ya manjano. La kati hushika kijani na kutoa majenta. La chini hushika nyekundu na kutoa siani. Kati ya la juu na la kati kuna kichujio cha manjano kinachozuia buluu isishuke. Ndani ya kila tabaka kumechanganywa kemikali inayosubiri. Ukanda ukiingia kwenye dawa ya kuosha, chembe za fedha zilizoguswa na mwanga hugeuka fedha halisi, na dawa iliyotumika kufanya kazi hiyo hukamatana na ile kemikali inayosubiri, rangi ikazaliwa palepale. Kisha fedha yote huondolewa, ikabaki rangi peke yake. Tatizo lililowasumbua wavumbuzi lilikuwa kuzuia kemikali za tabaka moja zisihamie kwa jirani. Walilitatua kwa kuzifunga kemikali hizo mkia mrefu wa kimafuta, mithili ya mtu aliyefungwa jiwe mguuni asitembee.

Mwanga ukawa shida nyingine. Ukanda ule ulihitaji mwanga mwingi, na ulivumilia makosa machache. Kivuli cha mchana kina buluu, jua la jioni lina wekundu, na taa za studio zina rangi yake. Tukio moja likipigwa nusu yake saa nne asubuhi na nusu yake saa kumi jioni, shavu la mwigizaji litabadilika rangi katikati ya sentensi. Mafundi wa maabara walisawazisha kwa vichujio wakati wa kuchapa nakala, sehemu kwa sehemu. Ukijua hilo, utaelewa kwa nini matukio ya nje katika filamu hii yanapenda mwanga laini na anga lenye ukungu mwepesi. Yalipigwa kwenye maziwa ya Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, upande wa mashariki wa nchi ya Storm. Kwao Husum, magharibi, ni matope ya pwani na upepo.

Rangi za kemikali hizi hufifia, tena hazifi kwa kasi moja. Rangi moja ikitangulia kufa, nakala nzima huegemea upande wa zile mbili zilizobaki. Ndiyo maana nakala za zamani zinazozunguka hufanya watu waonekane wamechomwa na jua katikati ya majira ya baridi. Mkionyesha filamu hii kwenu, msichukue nakala yoyote mliyoikuta. Haki za filamu za Ufa zinasimamiwa na taasisi ya Friedrich-Wilhelm-Murnau-Stiftung ya Wiesbaden, anzeni huko. Na kabla ya watu kuingia, pimeni projekta kwa tukio lenye ngozi ya mtu na nguo nyeupe kwa pamoja. Nguo ikiwa nyeupe na uso ukiwa uso, acheni hivyohivyo. Msiongeze rangi, maana upole ule ndio Agfacolor yenyewe.

Filamu haikuyaacha mayungiyungi, na haikuweza, kwa kuwa yungiyungi ndilo kila msomaji analolikumbuka. Katika novela Reinhard anatoka usiku, anaona ua jeupe peke yake juu ya maji, umbali wa kutupa jiwe kutoka ufukoni. Anavua nguo, anaingia. Mawe na mimea inamkata miguu, maji hayana kina, halafu ghafla chini kunapotea na maji yanamfunika. Anaogelea. Ua liko palepale, umbali uleule. Akigeuka, ufuko umefifia. Anakaribia mpaka anaona majani yanavyong'aa kwa mbalamwezi, na hapo anahisi amenaswa kama samaki wavuni: mashina laini yamemzunguka mwili. Maji ni meusi. Samaki anaruka nyuma yake. Woga unamshika, anayakata mashina, anarudi akihema.

Anayetaka kulipiga picha tukio hili ana kazi mbili ngumu. Ua jeupe na maji meusi havikai vizuri kwenye ukanda mmoja: ukipimia maji, ua linakuwa doa tupu lisilo na petali, ukipimia ua, muogeleaji anapotea gizani. Njia ni kupiga jioni kabla giza halijatimia, kwa mwanga mdogo unaotoka upande mmoja, na kufanya usiku kwenye maabara. Kazi ya pili ni ule umbali usiopungua. Lenzi fupi itamfikisha muogeleaji haraka mno. Lenzi ndefu, kamera ikiwa ufukoni nyuma yake, humbana mtu na ua pamoja, akapiga mikono mingi bila kuonekana amesogea. Ndoto hiyo Storm aliipata kwa sentensi mbili.

Neno moja kuhusu Söderbaum. Alizaliwa Stockholm mwaka 1912, na katika filamu za mumewe alizama majini mara nyingi kiasi kwamba Wajerumani walimpa jina la utani, maiti ya majini ya taifa. Katika Die goldene Stadt ya mwaka 1942 anafia kwenye kinamasi. Hapa, katika hadithi iliyojaa ziwa, hazami. Anaishi, anazeeka, anaamua. Kwa wale waliomjua wakati ule, hilo lilikuwa tukio.

Na kuhusu Harlan hatutanyamaza, na tunaomba yeyote atakayeonyesha filamu hii naye asinyamaze. Mwaka 1940 aliongoza Jud Süß, filamu ya chuki dhidi ya Wayahudi, iliyotumiwa kuwaandaa watu kwa mauaji. Baada ya vita alishtakiwa Hamburg kwa makosa dhidi ya ubinadamu, akaachiwa mwaka 1949 na tena mwaka 1950. Aliporudi kazini, moja ya filamu zake za mwanzo, Unsterbliche Geliebte, aliitoa tena kwenye novela ya Storm, Aquis submersus. Erich Lüth, aliyekuwa mkuu wa idara ya habari ya Hamburg, aliwaomba watu wasusie kazi za Harlan. Kesi ikafika Mahakama ya Katiba, na tarehe 15 Januari 1958 mahakama ikamwunga mkono Lüth, hukumu ambayo wanasheria wa Ujerumani wanaisoma hadi leo kama nguzo ya uhuru wa maoni. Storm, aliyekufa mwaka 1888, hana hatia katika haya. Lakini mtazamaji ana haki ya kujua mkono ulioongoza kamera, na ana haki ya kujua hayo kabla taa hazijazimwa.

Nimalizie kwa wanaofasiri, maana ninaona humu ndani wapo. Maandishi ya chini ya picha yana mistari miwili, herufi zisizozidi 40 kila mstari, na hukaa sekunde moja hadi sita. Kiswahili hakitawapa shida ya urefu. "Ich habe dich nicht vergessen" ni herufi 29 ukihesabu na nafasi. "Sikukusahau" ni 11. Shida ni kwamba neno moja refu halikatiki katikati ya mstari na jicho hulisoma polepole, kwa hiyo lipeni muda kuliko hesabu ya herufi inavyodai. Mtego mkubwa zaidi ni viwakilishi. Kijerumani kinatenganisha mwanamume na mwanamke. Sisi tunasema "anampenda". Katika hadithi ya watu watatu, nani anampenda nani? Wekeni jina kila panapokuwa na shaka, hata kama mwigizaji hakulitaja.

Na kwa atakayeifasiri novela yenyewe, kuna sentensi moja tunayotaka kuwaachia. Reinhard anarudi kutoka ziwani, nywele mbichi. Wanamuuliza alikuwa wapi. Anasema alitaka kulitembelea yungiyungi, lakini haikuwezekana. Erich anashangaa: ulikuwa na shughuli gani na yungiyungi? Reinhard anajibu kwa maneno ambayo kwa Kijerumani yanaweza kumaanisha ua na yanaweza kumaanisha mwanamke, kwa sababu ua hilo kwa Kijerumani lina jinsia ya kike. Ukiandika "niliwahi kulijua", umemfukuza Elisabeth kwenye sentensi. Ukiandika "niliwahi kumjua", umemfichua mbele ya mume wake. Tumejaribu njia nyingi, na iliyobaki mikononi ni hii, isiyobagua ua wala mtu: "Tuliwahi kujuana. Lakini ni zamani sana."

Mafundi, tafadhali zimeni taa.